Binti wa Botswana Aliyekataa Kuwa Mgeni

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mara mtoto wa ukoo huu anapofunga mizigo kwenda kusoma nchi ya watu. Sasa ni zamu yako, mwanangu, kwa hiyo kaa hapa karibu nikusimulie. Hiyo simu iweke chini kwanza. Lusaka haihami.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu ya kujikongoja, nakaa na mama yangu huku Nkololo, juu ya kilima kile chenye mnara wa simu sasa. Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba kwa Kisukuma chetu, ndivyo alivyoitwa, mama wa maneno machache na mikono isiyotulia. Baba alikuwa ameshafariki. Shamba la pamba tulikuwa nalo, na mahindi kidogo, na mbuzi. Ng'ombe hatukuwa nao tena. Mvua zikianza tulilimiwa na maksai wa jirani yetu, Baba Kulwa, na sisi tukamlipa kwa kumpalilia. Hilo lishike, maana ndilo lililotuweka hai.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria kuingia. Pamba tuliyokuwa tunaipeleka kwenye ghala la ushirika, sasa walikuja kuinunua watu binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, leo huyu kesho yule. Josho la kuogeshea ng'ombe lilikauka. Dawa ya kupe iliyokuwa ikitoka serikalini ikahamia madukani Bariadi mjini, na kila mfugaji ajijue. Wengine walichangamka, wengine walibaki wameduwaa. Wasomi nao wakaanza kuja kutuuliza maswali, tunaishije, tunaogesha na nini, ng'ombe wangapi wamekufa.

Hayo ndiyo yaliyomleta Lesedi. Alikuwa mwanafunzi wa mifugo kutoka Botswana. Chuo chao kilikuwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha huku kwetu, vijana wao wanakuja, wetu wanakwenda. Alisoma Kiswahili chuoni miezi michache, kisha wakampeleka kijijini akae na wafugaji, ajionee. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kumwomba mama ampokee, kwa kuwa mimi nilijua Kiingereza cha kuombea maji. Mama akakubali. Kijiji kizima kikajua kwamba kwa Nkwimba anakuja mwanafunzi wa kigeni, na kila mtu akasubiri kumwona Mzungu.

Gari la chuo likaja. Akateremka binti mweusi kuliko mimi, mrefu, ana mashavu na paji la uso ungesema ni mtoto wa shangazi yangu wa Ipililo. Watoto waliokuwa wamejipanga barabarani walinyong'onyea. Mmoja akauliza, na mgeni yuko wapi?

Hapo ndipo tulipokosea sote, mwanangu, na sikufichi. Angekuwa Mzungu tungemfundisha kila kitu, hata namna ya kuinama kisimani. Tungemcheka, tungemshika mkono. Huyu tulimtazama sura tukaona ni wetu, na kwa kuwa kwao ni watu wa ng'ombe, tukasema basi, huyu anajua. Kila alichokosea kikaitwa kiburi.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwake. Alimsalimia mzee kwa kumpa mkono akiwa amesimama wima, macho kwa macho. Yule mzee alipita hadi chini ya kilima akiuliza huyu ni binti wa nani asiyepiga goti. Jioni nikamwambia, Lesedi, huku mtoto wa kike akisalimia wakubwa anakunja magoti. Akashukuru. Kesho yake akampigia goti kila aliyekutana naye, mpaka wachunga mbuzi wadogo. Wale watoto walitembea wiki nzima wamevimba vichwa. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na kumwona mama anacheka ilikuwa kazi.

Lakini nilimpenda kwa jambo moja, hakuwa na haya ya kujifunza. Matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, alivitafuna kwa taabu akasema ni vigumu, na kesho akaomba tena. Akaenda nasi mtoni kuchimba maji mchangani, akarudi na ndoo nusu, nusu nyingine iko kwenye gauni lake. Usiku nilimsikia akilia kidogo kidogo ndani ya shuka. Asubuhi nikamkuta ameshaamka, anafagia uwanja, anamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa sauti ya mtu anayepima daraja kwa mguu. Nilimwonea fahari na sikujua kwa nini, mtu mwenyewe nimemjua juzi.

Sasa nikueleze kuhusu mwano. Ninyi watoto wa siku hizi mnapigiana simu. Sisi ng'ombe wakiibwa, aliyeona alipiga ukelele wa pekee, mkali, mrefu, ndio mwano. Aliyeusikia aliurusha kwa anayefuata, kilima kwa kilima, mpaka wanaume wa sungusungu wametoka kila upande na pinde zao na njia zote zimezibwa. Sungusungu ni walinzi wetu wenyewe wa kijiji, na mkuu wao tulimwita ntemi. Mwanamke kazi yake ilikuwa kutoka nje na kuupokea ule ukelele. Usipoupokea, umemfungulia mwizi mlango. Na nyumba ambayo mwano umeishia kwake ilitengwa. Kutengwa si mchezo. Hupewi moto, hupewi maji, husalimiwi, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe.

Ikawa mchana mmoja mnunuzi wa pamba amekuja na lori lake, watu wote wameshuka barabarani na marobota yao. Mimi na mama tulikuwa kwenye foleni. Lesedi alibaki nyumbani anaandika kazi zake za chuo. Wezi nao hawakuwa wajinga, walijua nyumba ziko tupu. Wakawaswaga ng'ombe wa Baba Kulwa kutoka malishoni. Mke wa Baba Kulwa akawaona kwa mbali, akapiga mwano. Ukapokelewa nyumba ya chini, ukapanda, ukafika kwetu kilimani. Ukaishia hapo.

Upande wa pili wa kilima, njia ya kwenda Sapiwi, hakuna aliyesikia kitu. Wezi walipitia huko wakitembea kama watu wanaokwenda mnadani. Wanaume waliwafuata nyayo mpaka kesho yake ndipo wakawapata ng'ombe, wezi wamekimbia, na maksai mmoja ameshachinjwa porini. Yule yule kiongozi wa jembe. Yule aliyetulimia sisi.

Tuliporudi kutoka barabarani tulimkuta Lesedi amejifungia ndani, kitasa kimefungwa na meza imeegemezwa mlangoni. Akatuambia amesikia makelele ya kutisha, akadhani kuna vita kati ya wenyeji. Mama yake alimfundisha kwamba ukiwa ugenini na wenyeji wanagombana, ingia ndani ukae kimya, usishike upande. Mafunzo mazuri kabisa hayo, kwa mahali pake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Limi, mwambie ale." Halafu akatoka nje akakaa peke yake kwenye kinu. Nilijua anawaza nini. Mjane asiye na ng'ombe, akitengwa kabla ya mvua, nani atamlimia? Tungekula nini mwaka unaofuata?

Sikutaka kumwambia Lesedi. Alinibana mpaka nikamwambia. Nilipofika kwenye neno kutengwa akanitaka nilirudie, kwa Kiingereza, taratibu. Nikarudia. Akaniuliza, "Hata moto?" Nikamjibu, hata moto.

Mkutano uliitwa mbele ya ghala la ushirika, lile lililofungwa. Ntemi wa sungusungu alikuwa Mzee Machibya, mfupi, mkavu, hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo maana tulimwogopa. Watu walijaa. Kabla hata hakijaanza kitu, likafika gari la chuo. Mwenyekiti alikuwa amepeleka habari, na mwalimu aliyewasimamia wanafunzi wa kigeni akaja mbio kumchukua binti wa watu. Hakuzima hata injini. Akamwambia ntemi kwa heshima zote kwamba huyu ni mgeni wa serikali, anaondoka naye leo, atamtafutia nyumba ya masista mjini.

Ntemi akajibu bila kinyongo. "Mchukue. Mgeni hana kesi. Mgeni hajui njia zetu, na hatumwadhibu mtu kwa asichokijua. Kesi ni ya mwenye nyumba. Mwano umeishia kwako, Nkwimba."

Mama akasimama. Hakujitetea. Angeweza kusema mimi sikuwepo, ni huyu. Hakusema. Alikunja mikono akatazama chini, nami machozi yalinitoka mbele za watu, sikujali.

Mwalimu alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Lesedi akasogea, nikadhani anakwenda kupanda, na kusema kweli, sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeshakaa kiti cha mbele. Akampita mwalimu, akapita katikati ya wanaume, akafika mbele ya ntemi akapiga goti hadi chini kwenye vumbi. Nikakimbilia kumtafsiria, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Baba," akasema, "mimi nalala nyumba ya mama huyu. Nakula chakula yake. Mimi nimesikia, mimi nimeogopa, mimi nimefunga mlango. Mama hajafunga mlango. Kama mgeni hana kesi, mimi sitaki kuwa mgeni."

Kiswahili chake kilichechemea hivyo hivyo, na hakuna aliyecheka. Mwalimu akamwita kwa Kiingereza, Lesedi, usifanye hivyo, hujui unaloingia. Hakugeuka.

Ntemi akamtazama. "Ukiacha kuwa mgeni, unajua unaacha nini?"

"Sijui," akasema. "Mniambie."

Basi akamwambia, pale pale, mimi natafsiri sasa maana maneno yalikuwa mengi. Mtoto wa nyumba anakwenda mtoni na wenzake. Kukiwa na msiba anashinda msibani, hana cha masomo. Mwano ukija anaupokea. Na akikosa, hakuna mtu atakayesema mwacheni, si wa hapa. Kila nilipomaliza kutafsiri moja, alisema ndiyo. Hakuharakisha. Alikuwa anasikiliza kweli, anapima, halafu anasema ndiyo.

Ntemi alipomaliza naye, akatugeukia sisi. Akauliza, ni nani kati yenu aliyemwambia binti huyu maana ya mwano? Akauliza tena, mwenyekiti, wewe? Limi, wewe unayelala naye chumba kimoja? Nilitamani ardhi ipasuke. "Mmemwona ana rangi yenu mkadhani ana akili zenu," akasema. "Angekuwa mweupe mngemwambia siku ya kwanza."

Kulikuwa kumebaki Baba Kulwa. Yeye ndiye aliyepotelewa, na tangu asubuhi alikuwa amefura, hasemi na mtu. Yeye akisema atengwe, nyumba inatengwa. Akainuka, akamsogelea Lesedi aliyekuwa bado yuko magotini, akamtazama kwa muda. Kisha akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba maksai yule alimlea kwa mkono, na kwamba hajawahi kuona mtu anafunguliwa mlango wa gari halafu anarudi kwenye kesi. Akasema mtoto akikosa mara ya kwanza hutengi nyumba ya mama yake. Unampiga faini.

Faini ikawa ni kuwapikia wanaume wote waliofuata nyayo. Maji achote mwenyewe, kuni atafute mwenyewe, ugali asonge mwenyewe. Mwalimu alizima injini kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, anamtazama mwanafunzi wake anashuka mtoni na ndoo. Wanawake walikuwa wamesimama kando, maana mwenye faini hasaidiwi. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, na safari hii ndoo zilifika zimejaa. Aliposhika mwiko mbele ya sufuria lile kubwa la misibani, unga ukamshinda nguvu. Hapo mke wa Baba Kulwa, yule yule aliyepiga mwano ukakosa wa kuupokea, akachomoka kwenye kundi la wanawake na mzigo wa kuni kichwani, akautupa chini, akashika mwiko upande wa pili. Sote tukamtazama ntemi. Ntemi akageuza kiti chake akaanza kuongea na mtu mwingine habari za mvua.

Ule ugali ulikuwa na mabonge, mwanangu, nisikudanganye. Wanaume waliula wote.

Hakwenda kwa masista. Mwalimu aliondoka peke yake jioni ile, na kabla ya kuondoka alimpigia mama magoti, mwanamume mzima na suruali yake ya kitambaa, akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mayu." Lesedi alibaki nasi. Wanawake waliokuwa wakimpita kisimani wakaanza kumwita Kabula, jina la hapa hapa, na kumtuma tuma, shika hiki, njoo huku, mbona umechelewa. Alikuja kwangu anacheka, anasema, Limi, leo nimekaripiwa na watu watatu. Alifurahi kukaripiwa. Mimi wakati ule sikuelewa, sasa naelewa.

Kabla ya mvua kuanza, moto ukashika kwenye ngitili, lile eneo la majani tunalolifungia kwa ajili ya kiangazi. Tulikuwa uwanjani tunapukuchua mahindi. Mwano ukaja kutoka chini. Kabla mimi sijainuka, Kabula alikuwa ameshafika ukingo wa kilima, ameweka mikono kinywani, akatoa ukelele ambao haujawahi kusikika Usukumani. Ulianza vizuri, katikati ukaenda kwao Botswana, mwisho ukarudi. Upande wa Sapiwi wakausikia. Wakaurusha mbele. Mama akasimama na gunzi mkononi anausikiliza unavyokwenda, nyumba baada ya nyumba, mpaka ukapotea mbali, kisha akamwambia, "Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Yule binti akalia pale pale, kwa sauti, mchana, bila shuka la kujifichia.

Mvua zilipokuja Baba Kulwa alitulimia na maksai waliobaki, na aliyeshika kamba mbele kuwaongoza alikuwa Kabula. Chuo kilipomwita arudi aliandika kitabu chake kuhusu kupe na majosho, na nasikia kilisifiwa sana. Mimi sikukisoma. Mimi nilimsoma mwenyewe, na mpaka leo katika watu wote wasomi niliowaona sijamwona wa kumshinda.

Ndiyo maana nimekuita, mwanangu. Kesho unakwenda kwa watu wanaofanana nawe. Watakutazama watadhani unajua, na wewe utawatazama utadhani umefika nyumbani. Usikubali udanganyifu huo. Uliza. Uliza hata jambo la kijinga, uliza wakucheke. Ukisikia usichokielewa usifunge mlango, toka nje ukamtafute wa kukueleza. Siku za kwanza utalia, lia, kisha amka ufagie uwanja. Na itakuja siku utakosea jambo kubwa. Hapo watu wema watakufungulia mlango wa kutokea, watasema mwacheni huyu, mgeni. Mlango huo ni mtamu, nami sitakulaumu ukiupita. Lakini kabla hujaupita geuka nyuma uangalie ni nani anayebaki amesimama akilipa kwa ajili yako. Ukimwona, rudi.

Haya, inuka, basi la asubuhi halisubiri mtu anayesinzia. Njoo nikushike kichwa. Mungu akutangulie barabarani, akupe maji mazuri na usingizi mzuri, akupe masomo yaingie yakae. Akuepushe na watu wa kukupongeza bure. Na huko uendako, akupe mama mwingine wa kukukaripia.